Sahani ya Mama Shloimi

Asubuhi ya leo nimeunguza mkate, na mpaka sasa hasira hazijaniisha. Mkate wenyewe wala si kitu, ningetupa nikakata mwingine. Ni ile harufu. Mkate ukiungua tu mimi narudi kwenye mtaa wetu wa zamani, Tottenham ya kusini, siku ile wanaume wenye makoti meusi walipokuwa wakichoma mabaki ya mikate kwenye madebe kando ya njia, moshi ukipanda mpaka madirishani, nami, mtoto wa miaka tisa, nimesimama getini nimenuna.

Lazima niwaeleze mtaa wenyewe, la sivyo mtanishangaa. Karibu nyumba zote zilikuwa za Wayahudi washika dini. Katikati yao tulikuwapo sisi wawili, mama yangu na mimi, watu wa Morogoro, Walutheri. Ijumaa mchana mtaa mzima ulinukia supu ya kuku na ile mikate yao iliyosukwa kama nywele. Akina baba walipita mbio, taulo begani, nywele bado zinachuruzika maji ya kuoga kwao kwa ibada, wakiwahi kabla jua halijazama. Likishazama, kimya. Jumamosi hapawashwi gari, hapalii simu, na barabara yote inakuwa yetu watoto. Msimu wa majani kupukutika walijenga vibanda nyuma ya nyumba, wakaviezeka matawi, wakawa wanakula humo huku mvua ya London ikiwadondokea kwenye supu. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Yaani nimepanda ndege kuja Ulaya, nakuta watu wanahamia kwenye banda la matawi!"

Lakini aliupenda mtaa ule kuliko mimi. Alikuwa mhudumu wa zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Siku nyingine alilala kwa vipande vipande, mara king'ora, mara mtu wa vifurushi anagonga. Jumamosi alilala fofofo mpaka saa tisa alasiri. Akiamka, uso umenawiri, anasema huu ndio mtaa wenye adabu London nzima.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Shloimi. Jina lake la kuzaliwa silijui mpaka leo. Mama ndiye aliyembatiza hilo, kwa mwanawe wa kwanza, kama ilivyo kwetu. Alipoelezwa maana yake alifurahi sana, naye akaanza kumwita mama yangu Mama Neema, akilivuta lile jina kutoka kooni. Alikuwa na watoto wanane. Wa nne, Faigy, alikuwa rika langu na rafiki yangu wa kuruka kamba.

Mwishoni mwa baridi walikuwa na sikukuu yao ya kuvaa kama wafalme na kupelekeana vyakula. Mwaka ule Mama Shloimi alituletea biskuti za pembe tatu kwenye sahani nyeupe yenye mstari wa buluu. Biskuti hazikumaliza siku. Sahani ndiyo ilileta balaa. Kwetu, mnavyojua, sahani ya jirani huirudishi tupu, na mama, kwa zamu zake, hakupata nafasi ya kupika. Ilikaa juu ya friji mwezi mzima ikimsuta. Basi siku yake ya kwanza ya mapumziko akaamka na kukanda maandazi. Yaliumuka vizuri siku hiyo, mekundu, yananukia iliki mpaka ngazini. Akayapanga kwenye sahani, akafunika kitambaa.

"Mpelekee Mama Shloimi, yakiwa ya moto. Mwambie mama anaomba asamehewe kwa kuchelewa."

"Okay," nilijibu. Mimi Kiswahili nilikisikia chote, nikajibu Kiingereza.

Mlango wao ulikuwa wazi kwa sababu ya usafi. Nilipita ukumbini, nikaingia jikoni. Kila kitu kilikuwa kimefunikwa foili, meza, makabati, mpaka jiko, jiko zima linang'aa. Mama Shloimi aligeuka, akaona kitambaa, akaona sahani, akaona andazi mkononi mwangu lililokwisha kuumwa. Alipiga ukelele ambao bado naukumbuka. Akanishika mabega akanitoa mpaka nje kwenye ngazi.

"Chukua," alisema. "Chukua yote. Na sahani pia, kaa nayo."

Nilirudi nalia. Mama aliyatazama maandazi, akanitazama mimi. "Kayakataa?" Kisha, polepole, "Na sahani yake hataki, kwa vile tumeigusa?" Mama yangu si mtu wa kugomba. Aliyamwaga yote kwenye pipa, akafunga mlango wa jikoni, na kutoka siku hiyo nikapigwa marufuku kwenda kwa jirani.

Sikukuu yao nyingine, iliyoanza jioni ile, ilipokwisha, Mama Shloimi alikuja kugonga. Nilimwona kupitia pazia, ameshika mfuko wa machungwa. "Usifungue," alisema mama kutoka chumbani. Yule mama alingoja, akagonga tena, akauacha mfuko ngazini. Mama aliutupa vilevile ulivyo. Kabla mwaka haujaisha tukahamia Wembley.

Miaka yote hii mama anaisimulia hadithi hiyo. Harusini, msibani, kwenye vikao vya kanisa: wale watu walivyomrudishia maandazi yake kama uchafu. Wageni wanasikitika, wanaongezea na yao juu ya Wayahudi, ambao hawajawahi kula nao hata biskuti. Mimi nakaa nachemka. Nilimkasirikia mama kwa kutofungua mlango. Nilimkasirikia Mama Shloimi kwa ukelele wake. Niliwakasirikia wale wageni. Ni hasira za mtu anayetafuta pa kuzitua.

Maana mimi nilijua. Wiki moja kabla, Faigy na mimi tulikaa sakafuni kwao tukipindua mifuko ya makoti, tukitafuta chembe za mkate, naye akanieleza yote: siku nane za Pasaka yao kitu kilichoumuka hakiingii ndani, hata chembe, na mama yake alikuwa anasugua wiki ya tatu. Kisha akanieleza kwamba siku hizo nane hatacheza nami, kwa sababu binamu zake wanakuja kutoka Manchester. Binamu! Asubuhi ile nilisimama getini nikitazama mikate yao ikiungua, na mama aliponipa sahani ningeweza kusema neno moja. Sikusema. Nililiuma lile andazi mlangoni pao makusudi, nikaenda nalo taratibu ukumbi mzima, chembe zikidondoka. Nilitaka nyumba yao ichafuke kidogo tu.

Jumamosi iliyopita, nyumbani kwa mama Wembley, alianza tena, mbele ya mgeni mmoja tu, mama wa kanisani. Nikasema, "Mama, mimi nilijua. Faigy alikuwa ameniambia." Nikamwambia yote, kwa Kiswahili, mpaka andazi. Nikamwambia na jambo nililolielewa ukubwani: kwamba yule mama alikuwa na saa chache tu kabla ya jua kuzama na jiko la kusugua upya, na bado sikukuu ilipokwisha alikuja na machungwa; kwamba sahani ilikuwa zawadi tangu mwanzo, hakuna aliyekuwa anaidai irudi.

Mgeni akaaga. Mama hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alifungua kabati, akaitoa sahani nyeupe yenye mstari wa buluu, ambayo sikujua kama bado anayo, akaishika magotini. Nje kulikuwa na mechi, uwanja unanguruma, madirisha yanatetemeka kama Jumamosi nyingi kwa miaka yote tuliyokaa hapa.

"Nilikuwa nalala vizuri mtaani pale," alisema.