Dobi aliyehamishia pasi kwenye baraza la dalali

Saa nne asubuhi, moshi mwembamba wa mkaa unapanda kwenye baraza la ofisi ya dalali wa nyumba. Mama Pasi, dobi mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, anapuliza majivu kwenye pasi yake, kisha anaipitisha juu ya kola ya shati jeupe la mteja. Meza ni yake. Baraza si lake.

"Mama yangu, unanifukuzia wateja," analalamika dalali akiwa mlangoni. Mtaani wanamwita Funguo, kwa rundo la funguo linaloning'inia kiunoni mwake.

"Mimi nanyoosha nguo tu," anajibu Mama Pasi bila kuinua macho. "Toa hati ya bibi, nami nitatoa meza yangu."

Bibi mwenyewe ameketi kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani. Ndiye mwenye nyumba ambayo Mama Pasi anataka kuinunua. Ni siku ya pili wanashinda hapa, na wanadai kitu kimoja: hati ya nyumba hiyo, ambayo Funguo aliichukua mwezi uliopita kwenda kutoa kopi na hajairudisha.

Mama Pasi amenyoosha nguo za watu tangu akiwa msichana. Karibu nusu ya anachopata huiweka kwenye chama cha akiba na mikopo, na lengo lake halijawahi kubadilika: nyumba yenye vyumba vya kupangisha.

"Huu mgongo umeshaanza kunipa notisi," anasema, akicheka. "Nataka vyumba vifanye kazi, mimi nikae."

Yeye mwenyewe amekuwa mpangaji maisha yake yote. Mara mbili nyumba aliyoishi iliuzwa bila yeye kuambiwa. Mara ya pili alirudi kutoka kazini akakuta kufuli jipya mlangoni na vyombo vyake vimetupwa nje, kitanda cha mwanawe kikilowa mvua.

Funguo alimwonyesha nyumba ya vyumba sita, na kila safari akamtoza hela ya kuonyeshwa. Akiulizwa bei, alikuwa na jibu moja: "Njoo na shemeji, tuongee kiutu uzima."

"Nikamwambia, shemeji yako nilishamzika," anakumbuka Mama Pasi. "Mwenye pesa ndiye huyu unayemwona, tena ana masikio."

Bei ikatajwa. Alipoomba kuonana na mwenye nyumba, aliambiwa ni mtu wa shughuli nyingi, yuko safarini.

Jumapili moja akaenda peke yake, akagonga mlango mmoja baada ya mwingine kujitambulisha. Hakutaka wapangaji wake wa kesho wamjue kwa kufuli. Mlango wa mwisho ulifunguliwa na bibi ambaye Funguo alikuwa amempita akimwita "kabibi fulani kapangaji tu".

"Mimi ndiye ninayetaka kuinunua nyumba hii," Mama Pasi akamwambia.

"Unainunua kwa nani, mwanangu?" bibi akauliza. "Mbona mimi nawe hatujaonana?"

Bei aliyoitaja bibi ilikuwa chini kwa robo nzima kuliko aliyoambiwa Mama Pasi. Tofauti hiyo ndiyo inayoitwa cha juu: fedha ambazo dalali huongeza kimyakimya, muuzaji asijue na mnunuzi asijue. Bibi naye alikuwa ameambiwa kwamba mnunuzi ni kampuni isiyopenda kuonekana.

"Kumbe kwenye uwanja wangu mwenyewe nimegeuzwa mpangaji," anasema bibi. "Na maji ya kunywa nilimpa!"

Walipomkabili, Funguo alisema hati haitoki mpaka ahakikishiwe cha juu chake. Kesho yake Mama Pasi akahamishia kazi hapa.

Hakatai kumlipa. "Ametembea juani, amenionyesha nyumba, ana haki yake. Asilimia tuliyopatana nitampa mbele ya bibi. Cha juu? Labda nipigwe pasi mimi!"

Mke na mume vijana wanapanda ngazi za baraza, wakiulizia kiwanja. Bibi anasogea kwenye benchi.

"Karibuni wajukuu zangu, kaeni. Hati yangu imelala humo ndani mwezi mzima. Ngojeni kidogo, labda leo itaamka."

Vijana wanatazamana. Wanaaga kwa adabu na kushuka ngazi.

Funguo anaingia ndani. Droo inavutwa kwa kishindo. Anarudi na bahasha ya kaki, anaitupa mezani.

"Haya, chukueni! Na nisisikie mmeiruka asilimia yangu."

"Ijumaa, kwa mwanasheria," anasema Mama Pasi. "Uje na wewe. Bei itasomwa kwa sauti."

Bibi anaikagua hati ukurasa kwa ukurasa, bila haraka, kisha anaifungia ndani ya mkoba. Wamekubaliana ataendelea kuishi chumbani kwake bila kodi maisha yake yote, na hilo litaandikwa kwenye mkataba. Kodi ya vyumba vitano itakuwa ikilipa mkopo wa chama. Mpaka uishe, Mama Pasi atabaki kwenye chumba chake cha kupanga.

Baada ya hapo anataka kununua nyumba ya pili. Je, safari hiyo ataitafuta bila dalali?

"Kwa nini?" anauliza, akikunja shati la mwisho. "Nitamtafuta huyuhuyu Funguo. Sasa ananijua."