Dada Lotte na Kitambaa cha Mikate

Siku ile ilikuwa zamu yetu ya kuoka. Kijiji chetu, huko Ujerumani, kilikuwa na tanuri moja tu la mawe, mbele ya kanisa, na kila nyumba ilikuwa na siku yake. Wanawake waligombania zamu zile hata wakanuniana wiki nzima, hasa Mama na jirani yetu, Bi Hilda. Mama alikanda unga. Mimi, mtoto wa shule, nilibeba kuni. Dada yangu Lotte, mwenye miaka kumi na saba, aliimba huku akidokoa vitunguu vilivyokatwa kwa ajili ya keki ya vitunguu ya kwetu. Baba alikuwa vitani, katika Vita Kuu ya Pili, na habari zake zilikuwa zimekatika tangu baridi ilipoanza.

Haya namsimulia mjukuu wangu Salma, hapa nyumbani Al Rigga. Namsimulia kwa Kiswahili, maana niliolewa na Mzanzibari, nikakaa Unguja, kisha tukahamia huku Dubai, na Kijerumani changu siku hizi hutoka kwa kukwama. Lakini kijiji kile nakiona bado: miti ya matofaa, bata mtaroni, kila mtu akijua kikohozi cha mwenzake.

Kabla tanuri halijapata moto, tulisikia mizinga. Vifaru vya Wamarekani vilikuwa vimefika kilimani. Askari wetu wachache, waliojibanza bustanini, walikwishatuonya: atakayeinua kitambaa cheupe cha kusalimu amri atapigwa risasi.

Tulikimbilia shimo la viazi chini ya kanisa. Mama hakukubali kuacha kikapu cha mikate mibichi.

Kombora la kwanza liliangukia ghala la Bi Hilda. Moshi ukatufikia.

"Wakipiga tena tumekwisha," alisema Bi Hilda.

Lotte akavuta kitambaa cheupe kilichofunika kikapu.

"Lotte, kaa!" Mama alimshika sketi.

"Narudi sasa hivi, Mama."

Akapanda ngazi.

Mizinga ikanyamaza.

Kisha risasi moja. Haikutoka kilimani.

Tulimkuta kando ya tanuri. Wamarekani waliingia polepole bila kupiga tena, na mmoja wao, alipomwona, alivua kofia. Jioni ile Bi Hilda, ambaye ghala lake lilikuwa bado likifuka moshi, alimwosha Lotte na kumsuka nywele.

Juzi Salma aliniuliza, "Bibi, mama yako alisemaje baadaye?"

Alisema mara moja tu. Nilikuwa mkubwa, Baba amekwisharudi, na Bi Hilda alikuwa jikoni kwetu akimenya viazi. Mgeni mmoja alisifu kijiji: nyumba zote zilipona, isipokuwa ghala moja.

"Ningezitoa zote," alisema Mama, "na hii nyumba yangu ikiwa ya kwanza."

Bi Hilda hakuinua uso.

"Na yangu," alisema, akaendelea kumenya.