Wanyama Husomwa Mwisho

Kibanda changu cha cherehani kinatazamana na ofisi ya kijiji, kwa hiyo kila asubuhi, nitake nisitake, sauti ya Bi Sikieni hunikuta bado napangusa vumbi mezani. Jina lake la kuzaliwa analo, lakini hata waliomzika mumewe hawalikumbuki. Tulimwita hivyo kwa sababu ndivyo anavyofungua matangazo. Anakunywa funda la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, anakohoa pembeni, kisha spika mbili zilizofungwa juu ya bati la ofisi zinanguruma: "Sikieni, sikieni, ndugu zangu!"

Sisi hatuna gazeti. Redio tunazo, lakini redio zinatueleza habari za watu ambao hata wakipiga chafya hatutawahi kuisikia. Habari zetu ni Bi Sikieni. Alipewa kazi hiyo alipofiwa na mumewe, kwa huruma kidogo na kwa sauti yake zaidi, maana ni sauti pana isiyokwaruza, na mtu aliye ng'ambo ya mashamba ya mihogo anaisikia kama amesimama mlangoni pake.

Kuna utaratibu. Uliwekwa na mwenyekiti wa zamani, ambaye naye alipokufa alisomwa wa kwanza, akafaidi kazi ya mikono yake. Misiba hutangulia. Kisha serikali: mikutano, chanjo, wageni rasmi. Kisha vilivyopotea na vilivyookotwa. Mwisho kabisa ni wanyama. Sababu haikuandikwa popote, ila kila mtu anaijua: marehemu ana heshima yake, serikali ina ukali wake, na nyani yupo kila siku.

Sasa, sisi tulivyo, misiba ikishasomwa tunatawanyika. Mwenye jembe analishika, mwenye ng'ombe anafungua zizi. Ya serikali tunayasikia tukiwa tumeyapa mgongo. Yanapofika ya wanyama, barabara imebaki na kuku, mimi, na mzee mmoja anayengoja kuwekewa kiraka.

Na hayo ndiyo Bi Sikieni aliyoyapenda. Mengine yote aliletewa kwenye karatasi, akasoma kama yalivyo. Ya wanyama aliyaokota mwenyewe, kwa wachoma mkaa, kwa wanawake wa kisimani, kwa watoto wanaochunga, akayatunga kichwani. "Nyani wamehamia kwenye mahindi ya mjane wa bondeni, na wanakula kwa zamu kama wafanyakazi wa kiwanda. Mwenye mbwa asiye mvivu na amsaidie." Au: "Yule chatu wa choo cha shule ameondoka. Walimu mnaweza kurudi kujisaidia kwa amani." Nilikuwa nacheka peke yangu mpaka nashona mfuko upande usio wake. Alijua wiki gani ndege hondohondo wanarudi, fisi gani anachechemea, nyuki wameingia dari ya nani. Watu waliziita habari za nyani, kwa dharau. Mimi nilizingoja.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu duniani. Mama yao alifariki yule mdogo akiwa hajaota meno, na Bi Sikieni, mwenyewe bado msichana wa kukimbizana na wenzake, ndiye aliyembeba mgongoni akakua naye. Tulimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Alikuja kuolewa na fundi baiskeli wa hapa hapa, mtu mpole asiyepandisha sauti hata nyundo ikimpiga kidole. Kitinda alikuwa kinyume chake: mcheshi, mwenye mbio, na wa kwanza kwenye kila msiba. Hakungoja kuitwa. Akisikia tu jina la marehemu, anachukua panga na kamba, anapita porini, na waombolezaji wengine wanapofika wanamkuta ameshatua mzigo wa kuni na moto unawaka. Dada yake alimtania, "Wewe ukifa nani atakuletea kuni? Wote wamezoea kukukuta umefika." Walicheka wote wawili. Nami nilikuwapo, nikacheka.

Mwalimu mkuu mstaafu alikufa mwanzo wa kiangazi. Mtu mzito, aliyewafundisha nusu ya kijiji na kuwachapa nusu nyingine. Asubuhi hiyo hiyo, kabla spika hazijawashwa, mchoma mkaa alikuja ofisini akihema. Ameona nyati dume, yuko peke yake, kwenye kichaka cha chini ya chemchemi, na mguuni amenaswa waya wa mtego uliozama mpaka kwenye nyama. Nyati wa namna hiyo hakimbii watu. Anawangoja.

Bi Sikieni mwenyewe ndiye aliyenisimulia yaliyofuata, baadaye, ameketi kwenye kiti changu cha wateja. Alimwendea mwenyekiti akamwomba habari ya nyati itangulie.

"Itangulie nini?" mwenyekiti akauliza.

"Itangulie yote, baba. Leo tu."

"Yaani nyati mbele ya mwalimu mkuu? Mama, hebu fikiri unachosema. Familia yake ipo hapa hapa."

Na kweli ilikuwapo. Kaka wa marehemu alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi, kofia magotini, amekuja kuhakikisha ndugu wote wanatajwa. Kwetu hilo si jambo dogo. Jina la mjomba likirukwa kwenye spika, msiba unageuka kesi. Mwaka uliopita Bi Sikieni alimruka shangazi mmoja kwa bahati mbaya, ikabidi aende kuomba radhi mbele ya ukoo mzima, amepiga magoti.

"Isome mahali pake," mwenyekiti akasema. "Ni dakika chache tu. Nyati hahami."

Basi akasoma. Tuliambiwa mwalimu hayupo tena, na kwamba mazishi ni siku hiyo hiyo saa kumi, nyumbani kwake ng'ambo ya kijito. Kwenda huko kuna barabara kubwa inayozunguka, na kuna njia ya mkato inayopita chemchemi. Mwenye kutafuta kuni hapiti barabarani.

Nilimwona Kitinda akipita mbele ya kibanda changu, kamba begani, panga mkononi, kanga ameikaza kiunoni.

"Fundi, hujaondoka tu? Mwalimu alikuchapa sana nini?"

"Tangulia, nakuja," nikamjibu.

Akampungia dada yake mkono kupitia dirisha la ofisi. Dada yake alimwona. Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa bado kinaweza kuokolewa, na ndiyo maana napaandika polepole ingawa mkono wangu hautaki. Bi Sikieni alikuwa katikati ya majina. Watoto wa marehemu walishapita, wakwe walishapita, alikuwa kwenye wajukuu, na bado ukoo wa mama mzima. Alianza kusoma mbio. Hata mimi huku nje niliisikia sauti ikikimbia, majina yakigongana, nikashangaa leo ana nini.

Yule kaka wa marehemu akamgusa mkono. "Taratibu, dada. Hao ni watu."

Akapunguza.

Alinieleza kwamba alijiambia Kitinda atasimama kuongea na mtu njiani, maana Kitinda hakupita mlango bila kusalimia. Alijiambia labda leo atafuata barabara kubwa na wenzake. Alijiambia mengi, kila jina na faraja yake. Akamaliza ukoo wa mama. Mwenyekiti akamsogezea karatasi ya serikali: mkutano wa hadhara, ujenzi wa choo cha shule, mgeni rasmi anayetarajiwa. Akaisoma. Akasoma mbuzi aliyepotea, mweupe, sikio limekatwa. Ndipo akasema, na mara hii hakukuwa na utani ndani yake, "Nyati yuko chemchemi. Amejeruhiwa. Mtu yeyote asipite njia ya mkato. Mdogo wangu, kama unanisikia, rudi."

Mimi nilimsikia. Niliacha mashine inazunguka nikakimbia na mkasi mkononi, kama mkasi ungenisaidia kitu. Kule bondeni chini ya chemchemi spika hazifiki vizuri. Upepo unazikata, unabaki mvumo tu kama wa nyuki. Wachoma mkaa walitangulia kufika. Walinizuia nisiende mbele zaidi, nami nikawashukuru baadaye. Niliiona kamba tu.

Askari wa wanyamapori walikuja kesho yake. Huwa wanakuja hivyo. Ukiwaita kwa sababu ya mnyama wanauliza, ameua? Ukisema hapana, gari halina mafuta. Safari hii mafuta yalipatikana. Walimpiga yule nyati risasi, wakampasua palepale, na nyama ikagawiwa mbele ya ofisi. Kufa kufaana, wahenga walisema, na sidhani walikuwa wanasifia. Watu walikuja na sufuria. Walikuja hata waliokuwa wamelia jana yake mpaka sauti zikawakauka. Na mimi nililetewa kipande kimefungwa kwenye jani. Nikamtupia mbwa, akala kwa furaha. Yeye hana kosa.

Mwenyekiti alipendekeza mwalimu mmoja asome tangazo la Kitinda. Bi Sikieni akakataa. "Nimemlea mimi," alisema. "Nitamtoa mimi." Akanywa maji yake ya chumvi, akasoma. Alitaja kila mtu, shemeji, mawifi, binamu wa mbali waliohamia nchi nyingine, hakuruka hata mmoja. Alipofika kwake mwenyewe alisema, "na dada yake, ambaye ndiye anayewasomea." Kijiji kizima kilikuwa kimesimama barabarani. Kisha misiba ikaisha, tukafanya kama tulivyozoea: watu wakachukua majembe, wengine kamba, wakaondoka. Yeye akaendelea na serikali, akaendelea na mbuzi ambaye bado hajaonekana. Mwisho akasema nyati ameuawa na njia ya chemchemi ni salama.

Ule mkutano wa hadhara ulifanyika uwanjani pa shule baada ya matanga kuvunjwa. Bi Sikieni alisimama mwanzoni, kabla ya ajenda nyingine. Hakulia. Aliomba jambo moja tu: habari ya mnyama wa hatari isomwe kwanza, hata kukiwa na msiba, hata marehemu awe nani. "Aliyekufa hatakufa tena," alisema. "Tuwahi walio hai." Nilidhani hapo hakuna wa kupinga. Nilikuwa mjinga.

Wa kwanza kuinuka alikuwa kaka wa mwalimu mkuu. Alimpa pole kwa maneno mazuri, kisha akasema heshima ikishatoka hairudi, leo ni nyati, kesho tutaanza na kuku. Watu wakacheka kidogo. Mwingine akasema waya wa mtego ndio wa kulaumiwa, si utaratibu, na wote tukatazama chini, maana mitego hiyo tunaijua ni ya nani na nani. Mwenyekiti akasema ofisi imeguswa sana. Nilisimama mimi, nikafoka. Nikasema sote tunaondoka kabla ya wanyama kusomwa, kwa hiyo wasomwe tukiwa bado tumesimama, kuna ugumu gani hapo? Nikaambiwa nikae, nimeingia jazba.

Kisha akainuka fundi baiskeli, mume wa Kitinda. Bi Sikieni alimgeukia shemeji yake, na nilivyomwona usoni, alijua sasa ameletewa msaada.

"Shemeji," alisema, kwa ile sauti yake ndogo, "mimi sijui kusema. Mke wangu hakuwa mtu mkubwa. Hakuwa mwalimu, hakuwa nani. Lakini siku ile alisomwa wa kwanza. Kabla ya serikali, kabla ya mgeni rasmi. Watu wote walisimama. Mlitaja ndugu zake wote. Mimi usiku nikikosa usingizi hicho ndicho ninachoshika. Sasa unataka waseme kumbe ndivyo sivyo? Kwamba utaratibu ule ule uliompa heshima ndio uliomuua? Usinichukulie hicho, shemeji. Sina kingine."

Akakaa.

Mwenyekiti akakohoa, akauliza kama mtoa hoja ana la kuongeza. Bi Sikieni alikuwa bado amesimama. Akakaa polepole, akishika goti.

"Haya. Wanaounga mkono hoja, wanyooshe mikono."

Nilinyoosha wangu. Nikatazama huku na huku. Nikamtazama yeye, mwenye hoja. Shemeji yake alikuwa anamwangalia, si kwa ubaya, kwa kuomba tu, na mikono ya Bi Sikieni ilikuwa yote miwili mapajani, mmoja juu ya mwenzake, kama inazuiana.

"Mmoja," mwenyekiti akasema. "Hoja imeanguka. Sasa twende kwenye choo cha shule."