Programu ya Depo ya Jibini

Nilikuwa karani katika depo ya fromaji, jibini ile ya Masisi, mjini Goma. Mradi mmoja ukampa patron wetu, mwenye depo, programu ya kusimamia stoki, kubwa ya kutosha kuendesha bandari. Sisi tulikuwa watu watano na mizani moja.

Nafasi ya mafunzo ilikuwa moja, nikaenda mimi. Siku tano, katika hoteli ya kando ya ziwa, mwalimu alitusomea kwa Kifaransa maandishi ambayo yeye mwenyewe, nadhani, alikuwa anayaona kwa mara ya kwanza. Nilichoelewa vizuri ni saa ya sambusa. Nikarudi na cheti.

"Sasa fundisha wengine," patron akaniambia.

Sikufundisha. Nilishagundua kwamba anayejua peke yake hafukuzwi kazi. Mama wa depo, aliyekimbia vita huko Masisi, aligusa jibini kwa kidole tu na kukuambia itaharibika lini. Alipokaribia meza yangu nilifunika kioo cha kompyuta.

"Mama, haya ni mambo ya technique."

Akarudi kwenye rafu zake.

Kisha vita ikafika mjini. Nikavuka mpaka kwenda Gisenyi na godoro langu, na cheti pia. Mama akabaki, alisema amechoka kukimbia. Patron alikuwa Butembo, akitaka kujua stoki iliyobaki. Siku ya tatu Mama akanipigia simu.

"Papa, mashini iko inaniomba neno la siri."

Nikampa, kwa uchungu.

"Sasa imeandika Valider. Ni kusema nini?"

"Bonyeza tu, Mama."

"Nikibonyeza, nimekubali nini?"

Sikujua. Miezi minane nilikuwa nabonyeza. Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata.

Kesho yake akapiga tena. Askari walikuwa wameingia depo.

"Wamekula fromaji kumi na mbili. Mashini inauliza sababu: imeoza, imepita muda, ao sampuli kwa mteja. Askari hawamo."

"Weka sampuli."

"Hawakuonja, papa. Walimaliza."

Akaweka sampuli.

Niliporudi baada ya wiki kadhaa, wafanyakazi wote walikuwa wanaitumia programu. Mama alikuwa amebandika vikaratasi pembeni ya kioo: hapa imeingia, hapa imetoka, hapa usiguse. Mtu wa mradi alikuja kutathmini, akasifu wingi wa sampuli, akasema tumeanza kuelewa soko. Akapiga picha. Aliyesimamishwa kando ya kompyuta ni mimi, kwa sababu ya cheti. Nilitabasamu, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Patron, aliyekuwa amerudi kutoka Butembo, hakutabasamu. Alimpa Mama meza ile, nami nikaketi kando yake wiki nzima nikijifunza. Kila aliponieleza jambo nilitikisa kichwa haraka kukubali, kama kule hotelini.

"Usiseme ndiyo, papa," akanikatiza. "Nionyeshe."