Kitwitwi wa Boko na Kanga ya Mama Mkwe

Mie hii habari siisimulii mbele ya watu wa upande wa mke wangu, maana wao hawahitaji kusimuliwa, walikuwepo, na picha wanazo. Lakini nyie mmeniuliza kwa nini kwenye picha za posa ya shemeji yangu Rukia mie ndiye niliyekaa kwenye kiti kikubwa katikati ya wazee, nimejifunga kanga, masikio yamejaa tope, basi ngoja niwaeleze, na mkicheka chekeni taratibu, kwa sababu aibu yenyewe bado haijaniisha.

Kwanza mjue mie ni fundi wa mafriji na viyoyozi, nakaa Madale, na nina ugonjwa wa ndege. Wale wenye manyoya. Ilianza kidogo kidogo tu, nilikuwaga napanda juu ya mapaa ya watu kufunga viyoyozi, na huko juu hamna wa kuongea naye isipokuwa ndege, nikaanza kuwatambua mmoja mmoja, nikanunua kitabu cha picha, nikanunua darubini ya mtumba, mwisho nikaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la watu wenye ugonjwa kama wangu. Kule kundini kuna jambo moja ambalo likitokea kila mtu anaacha anachofanya: ndege mgeni. Yaani ndege ambaye huku kwetu siyo njia yake, kapeperushwa na upepo au kakosea tu mahesabu yake, kajikuta Dar es Salaam. Huyo hakai. Leo yupo, kesho hayupo, na pengine hutamwona tena mpaka unazikwa. Kwa hiyo ujumbe ukiingia watu wanatoka mbio (mwenzetu mmoja aliwahi kutoka saluni kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama).

Sasa siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Posa ya Rukia ilikuwa inafanyika Mbezi Beach, nyumbani kwa Mjomba Hamisi, kaka yake mama mkwe, kwa sababu baba mkwe alishafariki na mjomba ndiye anayesimama badala yake. Wageni walitakiwa kufika saa kumi, wakitoka tu kuswali alasiri. Mke wangu Zaituni alitangulia asubuhi kwenda kupika. Mie nilipewa kazi moja tu, moja, ya kumpeleka mama mkwe, Bi Somoe, aliyekuwa ametoka Lindi na kulala kwetu siku mbili. Na Mjomba Hamisi alishasema bila mama wa binti hakuna neno litakalozungumzwa.

Hapo mnielewe vizuri. Mie mkwe namheshimu mpaka naogopa. Zile siku mbili tulizokaa nyumba moja maongezi yetu yalikuwa shikamoo mama, marahaba baba, basi, yaliyobaki yote yalipitia kwa Zaituni. Hata kwenye gari alikaa siti ya nyuma, mie nikawa nimeshageuza kioo cha kati ili tusije tukatazamana kwa bahati mbaya.

Saa nane na nusu tunawasha gari, mie na kanzu yangu nyeupe iliyopigwa pasi, simu ikaingia ujumbe. Ni Neema, nesi mmoja wa Tegeta tuliye naye kundini. Kaweka picha yenye ukungu na maneno machache: "Kitwitwi wa kifua mistari. Boko, mabwawa ya chumvi ya zamani. Yupo sasa hivi."

Kitwitwi mwenyewe ukimwona utasema mbona wa kawaida, rangi ya vumbi, mdogo, anatembea kwenye matope anadonoa. Lakini kifuani ana mistari mingi inayoshuka mpaka mahali fulani inakatika ghafla, kama mtu kaikata kwa wembe, halafu tumbo jeupe kabisa. Anazaliwa Siberia, baridi ikija anatakiwa aende zake Amerika ya Kusini. Sasa huyu alikuwa Boko.

Nikaendesha huku napiga hesabu. Kutoka Madale unatokea Tegeta, ukikata kulia unaenda Mbezi Beach, ukikata kushoto unaenda Boko. Boko ni hapo tu. Nikajiambia dakika kumi za kwenda, kumi za kuangalia, tutafika Mbezi Beach hata wageni hawajatawadha. Tulipofika barabara kubwa nikakata kushoto.

"Mwanangu," mama akasema kwa nyuma, "jana Zaituni si alisema kwa mjomba ni mkono wa kulia?"

"Ndiyo mama. Leo tunakwepa foleni."

(Uongo wa kwanza kumwambia mama mkwe katika miaka tisa ya ndoa, na nikausema bila hata kumeza mate.)

Tulipofika nikaegesha kwenye kivuli cha mikoko, nikamwambia mama naomba nishuke mara moja, kuna mtu namsalimia. Nikaondoka na darubini shingoni. Kwenye tuta nikamkuta Neema na watu wengine wanne, mmoja ni mwalimu wa tuisheni hapo Tegeta, kaja na pikipiki, bado ana chaki kwenye suruali. Wote wanaangalia upande mmoja.

"Katembea kaenda ng'ambo," Neema akaninong'oneza. "Zunguka na tuta utamwona."

Tuta lilikuwa linazunguka mbali, na mie dakika zangu zinaisha. Mbele yangu bwawa limekauka, jeupe, limepasuka pasuka juu kama sahani ya udongo. Nikaona nikate katikati. Neema akaniambia kaka hapo siyo, nikamwambia hapa pakavu bwana, nikampa simu na darubini anishikie nishike vizuri kanzu, nikashuka. Hatua ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu lile ganda likakatika na mguu ukaingia mpaka gotini, nikaweka wa pili niuvute wa kwanza, wa pili ukaingia mpaka pajani, na kandambili zangu za ngozi nikaziaga hapohapo.

Kila nilivyojivuta ndivyo nilivyozidi kushuka. Lile tope ni jeusi, linanuka mayai viza, na kanzu ilikuwa imetanda pande zote nayo imeshanyonya tope, imekuwa nzito kama turubai. Neema na mwalimu wakaja wakatambaa pembeni ya tuta kunipa mkono, haufiki. Wakatafuta fimbo, fimbo ikakatika. Na hapo ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ninayoijua.

"Acha kupiga mateke. Lala."

Ni mama mkwe. Kashuka kwenye gari na mkoba wake, kaja mpaka ukingoni.

"Mama, usisogee, mie natoka sasa hivi."

"Hutoki. Mie nimekua kwenye mabwawa ya chumvi Lindi, hilo tope nalijua. Lala kifudifudi kama unayeogelea. Na kabla hujalala, vua hiyo kanzu, ndiyo inayokushika."

Jamani, avue kanzu nani, mbele ya nani? Nikamjibu kwa adabu kabisa, nimezama mpaka kiunoni, kwamba mama, naomba tu unisamehe, hilo siwezi. Akaweka mkoba chini. Halafu akasema, "Haya. Nimekupa mgongo. Vua." Na kweli aligeuka, akasimama anaangalia mikoko, ametulia kama anasubiri maji yachemke.

Nikavua. Ndani nilikuwa na singlendi na bukta ambayo Zaituni kila siku ananiambia nikaifanye tambara la kufutia friji, zaidi ya hapo sisemi. Nikalala kwenye tope. Mama akatoa mkobani doti ya kanga mpya aliyokuja nayo kuvaa kwenye shughuli, akapasua zikawa mbili, moja akaikunja kamba, akarusha ncha kinyumenyume bila kugeuka, wakashika yeye, mwalimu na Neema, wakaanza kuvuta. Nikaanza kutoka kidogo kidogo kama mhogo.

Nikiwa nimetoka mpaka mapajani, kanga ikalegea ghafla. Hakuna anayevuta. Nikasikia Neema anasema polepole, "Huyo hapo. Nyuma yake." Kitwitwi alikuwa ameruka kutoka ng'ambo, akatua mita tatu nyuma ya miguu yangu, kwenye tope nililolifukua mie mwenyewe, anadonoa. Watu sita wanamwangalia. Mie uso uko chini, shingo haigeuki, naona vidole vya miguu vya mama mkwe tu, naye kashageuka.

"Neema, vuteni," nikasema.

"Ngoja kidogo kaka, usitikisike, utamrusha."

Na katikati ya hapo simu yangu ikaita. Neema akaona jina la Zaituni akapokea, ila aliyepiga alikuwa shangazi yake, Mwanaidi, kaichukua simu ya Zaituni aliyekuwa kwenye mafuta anakaanga, na masikio ya shangazi siku hizi siyo mazuri. Neema akamweleza ukweli mtupu, kwa ile lugha yetu ya kundini: "Shikamoo. Yuko hapa, tuna mgeni katoka Urusi, ndiyo katua sasa hivi, ngoja tumtoe kaka hapa halafu wanakuja."

Mie hayo maneno niliyasikia na sikuona tatizo lolote.

Ndege akaruka, wakanivuta, nikatoka. Kanga ya pili nikajifunga mie, kanzu tukaiacha bwawani. (Ile kanga ilikuwa na maandishi, ya kumsema jirani mwenye wivu, na yalinikaa sawasawa makalioni.) Saa kumi ilikuwa imeshapita. Tukaingia barabarani, na foleni niliyomdanganya nayo mama ikawa kweli, tunasogea mita tatu tunasimama. Nikajikaza nikasema, "Mama, naomba radhi. Nilikudanganya."

Akajibu akiangalia dirishani. "Marehemu baba yenu akienda kuangalia mpira alikuwa ananiaga kwamba anaenda msibani. Miaka mingi nikadhani Lindi watu wanakufa sana." Akapangusa tope kwenye baibui. "Ungeniambia ndege ningekuelewa. Ila leo Rukia anasubiri, na hilo siwezi kukwambia halikuniuma."

Nilitamani anigombeze tu.

Mpango wangu ulikuwa tukifika niingie kwa mlango wa jikoni, Zaituni anitafutie nguo. Lakini magari ya wageni yalikuwa yameziba uchochoro, na geti kubwa liko wazi, na barazani wazee wote wamesimama. Wamesimama, kutupokea. Katikati ya mikeka kimewekwa kiti kikubwa cha sebuleni, kimetandikwa kitambaa, pembeni meza ndogo yenye juisi na glasi moja. Mjomba Hamisi akasogea na tabasamu, akaangalia ndani ya gari, akaniangalia mie nashuka na kanga yangu, akaangalia tena ndani ya gari.

"Mgeni yuko wapi?"

"Mgeni gani mjomba?"

"Aliyetoka Urusi. Mwanaidi katuambia mmempokea uwanja wa ndege. Tumewaomba hawa wazee wasubiri saa nzima."

Kwenye mlango wa sebuleni nikamwona Zaituni na mwiko mkononi. Alinitazama kuanzia miguuni, akafika kwenye kanga, akarudi ndani. Ni mama mkwe aliyejibu, baibui lake limejaa tope chini, wala hakuongeza wala kupunguza.

"Mgeni tumemwona, lakini haji. Ni ndege wa kuruka, kadege kadogo. Kamepotea njia kakaja Boko. Mkwe wangu alikwenda kukaangalia akazama kwenye tope, tukamtoa. Wazee wangu, tuwieni radhi."

Hakuna aliyecheka. Hicho ndicho kilichoniumiza zaidi, wangecheka ningejua pa kuweka uso. Mshenga wao, mzee mmoja mwembamba mwenye miwani, aliendelea kuniangalia, na mie nikajua hapa posa inavunjika kwa ajili yangu, na Rukia yuko chumbani na hina yake anasikia yote. Nikapiga magoti palepale kwenye saruji, nikasema kosa ni langu, mama hana kosa, binti hana kosa.

Mzee akauliza, "Huyo ndege. Atarudi kwao?"

Sikulitegemea. Nikamwambia ukweli, kwamba hatujui, wengi wakishapotea hivyo hawaoni tena kwao, wengine wanafika.

Akatikisa kichwa taratibu. "Mie kijana wangu wa kwanza alikwenda Afrika Kusini, mwaka wa saba huu." Akavua viatu, akakaa mkekani. "Haya, tuzungumze yaliyotuleta."

Na wenzake wote wakakaa. Mjomba Hamisi hakutaka nichafue mikeka, akachukua nailoni akatandika juu ya kile kiti kikubwa, akanielekeza hapo kwa kidole, basi nikakaa hapo nikiwa juu ya wazee wote mpaka posa ikakubaliwa na mpiga picha akapiga alizopiga. Juisi ya mgeni wa Urusi nikainywa mie, kwa sababu mshenga ndiye aliyenimiminia.

Zaituni hakunisemesha mpaka Jumatatu, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kanzu iko wapi.

Jumapili alfajiri nilirudi Boko, mara hii nikiwa nimeaga. Nilikaa tutani mpaka jua likawa kali. Walikuwepo vitwitwi wa kawaida wengi, yule hakuwepo. Jioni Neema akaweka kundini orodha ya waliomwona, majina sita kama sheria ilivyo, na la sita aliandika: Bi Somoe, Lindi. Langu halimo, kwa sababu kwenye orodha yetu anaandikwa aliyeona, siyo aliyekuwa karibu.

Tangu siku hiyo nimejiapiza: ujumbe ukiingia na kuna mtu ndani ya gari langu, kwanza namfikisha anakokwenda, namwona anaingia ndani, halafu ndiyo nageuza. Na nikimuaga mke wangu nasema naenda kuangalia ndege mwenye manyoya, nasema sehemu, nasema na saa ya kurudi, na navaa suruali.