Nilivyong'oa Bati za Nyumba Yangu Ili Nionekane Maskini

Siku niliyong'oa bati za nyumba yangu mwenyewe, kwa nyundo yangu mwenyewe, jirani zangu walinipigia makofi.

Hakuna aliyenishikia panga. Nilipanda juu ya paa na akili zangu timamu, nikang'oa.

Kama una haraka ya kunicheka, subiri. Mbele utacheka vizuri zaidi.

Mimi ni fundi cherehani. Nyumba yangu ilikuwa na vyumba vitatu vya tofali za kuchoma, sakafu ya saruji, na bati nilizonunua moja moja kwa miaka sita. Chumba cha mbele nilikitumia kushonea, nikiwa na cherehani nne na kioo cha mteja kujitazama mpaka miguuni. Sikuwa tajiri, ila mke wangu hakuwahi kwenda kuomba chumvi kwa jirani.

Basi diwani wetu akaitisha kikao. Huyu bwana tunamwita Mheshimiwa, na mwenyewe hujiita hivyohivyo, hata akipiga simu nyumbani kwake.

"Wanakuja wageni," akasema. "Wana mradi wa dunia nzima wa kutokomeza umaskini. Kaya maskini kuliko zote zitaandikwa, zisaidiwe kila mwezi. Sasa wakikuta mtaa umejaa mafriji, si watapita zao?"

"Kwa hiyo tufanyeje, Mheshimiwa?" jirani yangu Kinyozi akauliza.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inameni! Vitu vyenu leteni kwenye ghala langu, bure kabisa. Wageni wakiondoka, mtachukua."

Tukashangilia. Watu wazima, na ndevu zetu.

Ndugu zangu, yakawa mashindano. Mmoja aling'oa mlango akatundika gunia. Kinyozi, ambaye hana mzazi hata mmoja aliye hai, aliazima bibi kizee kutoka mtaa wa pili, akamlaza sebuleni na kumfundisha kukohoa. Bibi alikohoa kwa bidii mpaka ikabidi akimbiziwe maji kweli.

Nami nikaona nisipitwe. Nikashusha bati, nikafunika turubai lililochanika. Cherehani zote nne zikaenda kwa Mheshimiwa.

Mke wangu alisimama chini ya ngazi, mikono kiunoni.

"Baba watoto, nikuulize. Ukishaandikwa maskini, nani atakuja kukufuta?"

"Hii ni mipango tu, mama."

"Mipango! Mwanamume mzima unavunja nyumba ili upewe unga!"

Nikamwambia hajui siasa. Nilisema hivyo, tena nikiwa juu ya ngazi.

Wageni wakafika. Dada mmoja mwenye tableti, mpiga picha mmoja, na mzee mmoja kimya mwenye tepu ya kupimia.

"Nyumba hii ni ya kudumu au ya muda?" dada akauliza.

"Ya muda, dada yangu. Hata upepo unaionea huruma."

"Una kifaa chochote cha kazi?"

"Sina hata sindano."

Nikatoa na machozi kidogo. Wakapiga picha. Kisha nikatia dole gumba kwenye wino, nikagandamiza kwenye fomu ambayo sikuisoma. Kusoma najua, tena vizuri. Niliona tu kwamba maskini anayesoma angewatia mashaka.

Siku ya tatu vitu vyetu vikarudi salama. Mheshimiwa alisaidia hata kubeba. Nikapigilia bati zangu, nikakaa kusubiri neema.

Miezi minne kimya.

Kisha ikaja barua. Mtaa wetu umeonekana haufai kukaliwa na binadamu, utabomolewa kupisha soko la kisasa. Wenye nyumba za kudumu na biashara watalipwa fidia. Wenye vibanda vya muda wana siku kumi na nne za kuondoka.

Mimi nikasema simo, mimi nina nyumba. Nikavaa suti niliyojishonea, nikaenda ofisi ya ardhi.

Karani akafungua faili. Nikajiona pichani, chini ya turubai, natiririka machozi. Chini ya picha, ile fomu ya wageni na dole gumba langu.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, ila mzee wangu, nilidanganya. Njoo uione, ni ya tofali!"

Karani akavua miwani. "Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

"Siku ile."

"Sawa. Andika hapa kwamba ulidanganya serikali ili ujipatie msaada. Kosa hilo lina kifungo. Kalamu hii hapa."

Niliipokea ile kalamu, nikawafikiria wanangu watatu, nikairudisha mezani.

"Yaani mtu hana haki na nyumba yake mwenyewe?"

"Haki uliigongea dole mwenyewe, fundi."

"Na mtaa mzima hakuna wa kulipwa?"

"Yupo mmoja." Akafunua ukurasa.

Mheshimiwa. Nyumba moja ya kudumu. Nyuma yake, ghala lenye kiwanda cha nguo: cherehani kumi na moja. Friji saba. Kiti kimoja cha kinyozi. Yule mzee wa tepu alikuwa mthamini wa serikali. Alitoka kwangu siku ileile, akaingia ghalani kwa Mheshimiwa na kuandika kila alichokikuta.

Kwenye picha ya ghala, cherehani zangu zilikuwa mstari wa mbele, zimefutwa vumbi.

Nikarudi mbio kwa jirani zangu. "Twendeni wote tukakiri! Hawawezi kufunga mtaa mzima!"

"Wazo zuri," Kinyozi akasema. "Tangulia, tunakuja."

Hakuja mtu. Nami sikutangulia, nisije nikajifanya shujaa hapa. Watu waliogombea nani maskini zaidi, leo kila mmoja alikuwa mwoga kuliko mwenzake.

Mke wangu peke yake alikwenda ofisi ya ardhi. Akawaambia yeye hakudanganya mtu, na nyumba ni yake pia, tofali amebeba kichwani. Wakamtafuta kwenye fomu, hayumo. Fomu ilikuwa na nafasi ya mkuu wa kaya tu. Mke aliandikwa pamoja na watoto, kama idadi.

Buldoza lilikuja saa tatu asubuhi. Bati za miaka sita zilimalizwa kwa dakika tano.

Vumbi halijatulia, likaja lori.

Msaada, jamani! Ule mradi wa dunia nzima ulikuwa umefika. Mahema, kwa ajili ya kaya zisizo na makazi. Jina langu lilikuwa la kwanza kwenye orodha, na kwa mara ya kwanza karibu kila kilichoandikwa kwenye ile fomu kilikuwa kweli.

Mgawaji alikuwa Mheshimiwa.

"Fundi, shika upande huu. Tazama kamera. Tabasamu basi, wafadhili wanakuona!"

Mke wangu aliwaambia hataki kupigwa picha. Wakamwambia ni utaratibu. Akageuka, akawapa mgongo.

Mimi nilitabasamu. Mawingu yalikuwa yamejaa na watoto walikuwa wamekaa juu ya magodoro, nje. Nilitabasamu mpaka mpiga picha akaridhika, na moyoni nilijidharau kuliko nilivyomdharau Mheshimiwa.

Wapenda mafunzo, la kwenu hili hapa. Anayekuomba ujifanye maskini, ameshapanga kukufanya uwe. Hao wanaopigana na umaskini sijui wanapigana nao wapi, mtaani kwetu waliukuta mdogo wakauacha umenona. Na haki yako usimkabidhi mtu akuwekee ghalani, hata kama ghala ni la bure.

Ile picha wameiweka mtandaoni. Chini wameandika, "Familia hii sasa ina makazi." Watu wanaweka mioyo.

Ukiikuta, usiniangalie mimi ninayecheka. Mwangalie yule mwanamke aliyewapa mgongo.