Siku Nilipoita Mwizi Kibera

Kwa kawaida pasipoti yangu ilikuwa inalala chumbani kwangu Kawangware, Nairobi, chini ya godoro. Siku ile nilitembea nayo kwa sababu asubuhi nilikwenda mjini, ofisi za uhamiaji, kuongezewa muda wa kukaa. Mimi ni mtu wa Tanga, kazi yangu kusuka nywele, na mteja wangu mmoja alikuwa anaolewa kesho yake. Kwao ni Kibera, mtaa mmoja wa humo unaoitwa Lindi. Sikuona haja ya kurudi nyumbani kwanza. Nikapitiliza, mkoba begani na pasipoti ndani yake, rasta za bibi harusi mkononi.

Nilikuwa nimeshauona mlango wa kwao nilipohisi mtu akinivuta kwa nyuma. Mkanda wa mkoba ukakatika. Kugeuka, nikaona mgongo tu, koti jekundu likikata kona katikati ya vibanda. Nikafanya ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya.

"Mwizi! Mwizi jamani!"

Sijui walitoka wapi. Muuza mkaa, kinyozi na taulo lake begani, wanaume waliokuwa wamekaa tu barazani. Sijapata hata pumzi, walishampata mtu. Walikuja wakimburuta, koti jekundu limechanika bega, mdomo unavuja damu. Mkoba hakuwa nao.

"Siste, ni huyu?" akaniuliza mwanamume mmoja aliyeshika jiwe.

Nilimtazama yule mtu. Umri wake kama wangu, suruali imeganda saruji.

"Sikumwona uso," nikasema. "Niliona koti."

"Si koti ndio hii? Wewe sema tu ni yeye."

"Si mimi, madam," yule mtu akaniomba. "Natoka mjengo saa hii. Waulize."

Akapigwa kofi. Nyuma ya watu mtu akaagiza tairi iletwe. Nilikuwa nimeishi Nairobi vya kutosha kujua tairi ile ilikuwa ya kumchomea nani. 

"Jamani, nawaombeni, msimpige. Sina hakika kama ndiye."

Matamshi yangu yakanisaliti. "Huyu si wa hapa," mmoja akasema. "Ni wa Tanzania. Pengine wanafanya kazi pamoja." Macho yakanigeukia. Wale waliokuwa wamenizunguka kunisaidia, sasa nikaona hawanipi njia ya kutoka.

Ndipo mama wa bibi harusi akapenya. Ni mama mnene aliyekuja zamani kutoka upande wa ziwa, anakaanga samaki hapo hapo, aproni yake bado ina unga. Akanishika mkono.

"Huyu ni mgeni wangu." Kisha akaniuliza kwa sauti ili wote wasikie. "Uliona uso?"

"Hapana, mama."

"Mmesikia. Mwenye anataka kuua mtu aue, lakini si kwa jina ya huyu msichana. Na mimi nitasema ni nani na nani. Nawajua wote, mnakula samaki yangu. Sasa twende polisi."

Akatushika wote wawili, mimi huku, yule mtu kule, tukaanza kutembea. Kundi likatufuata. Jiwe moja likampata yule mtu mgongoni, akayumba, mama akamvuta tukaendelea. Sikuthubutu kuangalia nyuma.

Kituoni askari alinidai pasipoti kabla hajaniuliza kilichoibiwa.

"Ndiyo iliyoibiwa, afande."

"Mgeni bila karatasi naweza kukuweka ndani. Unajua?"

Nilijua. Wenzangu wa Kawangware walikuwa wakiniambia kila mara kwamba mgeni akiibiwa anyamaze, polisi ni shida ya pili. Nikaingiza mkono kifuani nikatoa simu. Asubuhi nilikuwa nimeipiga picha pasipoti, ukurasa wenye sura yangu na ule muhuri mpya wa uhamiaji, nikamtumia dada yangu, kwa furaha tu. Askari aliitazama ile picha, akanitazama, akarudia. Mwishowe akafungua kitabu cha matukio akaandika, akanipa namba, akaniambia nirudi kuchukua barua ya kupeleka ubalozini.

Yule mtu walimpigia simu msimamizi wake wa mjengo. Msimamizi akathibitisha kwamba alikuwa ametoka kazini muda huo huo. Wakamwachia.

"Nisamehe, kaka," nikamwambia mlangoni.

Alifuta mdomo kwa mkono wa koti. "Ulisema ukweli," akasema. "Lakini ulipiga nduru haraka sana." Hakutoka nje. Alisimama ameegemea ukuta mpaka lile kundi la nje likatawanyika, ndipo mama akamsindikiza hadi kwake Soweto West, humo humo Kibera.

Jioni nilimsuka bibi harusi, njia za kichwani zikaenda upande. Pasipoti haikupatikana. Ubalozi ulinipa hati ya muda ya kusafiria, nikarudi Tanga kutafuta nyingine, kisha nikaja tena Kawangware, maana wateja wangu wako huku.

Siku hizi wasichana wa kwetu wakija mara ya kwanza, huwa nawaambia wasipige kelele za mwizi barabarani. Juzi mmoja akanishangaa.

"Kwa hiyo nikiibiwa ninyamaze, dada?"

Nikamwambia hapana, aende kituoni kwa miguu yake, aseme alichokiona, asiongeze kitu. Nadhani aliniona mwoga.